Mwanangu Aliyeko Marekani Ananikataza Dawa ya Sukari ya Bei Nafuu, Anasema Nisubiri 2026

Mwanangu mfamasia,

Habari za kazi. Mimi ni fundi seremala hapa Tanga, umri wangu miaka 63, na sukari ninayo kwa miaka kadhaa sasa. Nilianza na metformini peke yake, nikaenda nayo vizuri. Baadaye sukari ikagoma kushuka, daktari akaniongezea Januvia ya miligramu 100, kidonge kimoja kila siku. Kusema kweli ilinisaidia. Sukari ya asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni ilishuka mpaka 7.

Tatizo likawa bei. Bima sina. Kazi za mbao zimepungua, watu siku hizi wananunua vitanda na makabati yaliyokwisha tengenezwa, na macho yangu nayo si yale ya zamani. Kila nikirudi dukani kuchukua boksi jingine nakuta hela niliyoshika haitoshi. Nikaanza kubana. Leo nameza, kesho naacha. Mke wangu alipogundua alinigombeza sana, lakini naye hali ya nyumba anaijua. Sasa nikipima asubuhi naikuta 11, siku nyingine 12. Usiku naamka kwenda haja ndogo mara nyingi, na mguu wa kulia unawaka moto kwenye unyayo.

Majuzi kijana wa duka la dawa akanipa boksi jingine. Akaniambia, "Mzee, hii ni ile ile, imetengenezwa India, bei yake haifiki hata theluthi ya ile." Nikachukua. Sijamaliza hata karatasi moja ya vidonge, goti likaanza kuuma. Mke wangu akasema ni hiyo dawa ya bei chee. Usiku huo nikaongea kwa simu na mwanangu aliyeko Columbus, Ohio, anaendesha malori. Akanikataza kabisa. Anasema aliuliza kwenye duka la dawa la kule, akaambiwa kwamba Januvia ya kampuni nyingine haijaruhusiwa kuuzwa, itaingia sokoni Mei 2026. "Baba, kama Marekani kwenyewe haijatoka, hiyo ya Tanga imetoka wapi? Hiyo ni feki. Subiri, ikitoka nitakununulia huku nikutumie."

Kijana wangu ana akili na ananipenda, na hela anayotuma ndiyo inayotufikisha mwisho wa mwezi. Sitaki kumdharau. Lakini huko 2026 mimi nakuona mbali. Hapa mezani nina maboksi mawili. Moja la Januvia limebaki vidonge vichache, jingine ni hili la India karibu lote. Nimeogopa yote mawili, siku mbili hizi nameza metformini tu. Nishauri mwanangu, ninywe ipi? Na kweli nisubiri?

Fundi wa Ngamiani, Tanga

*

Shikamoo baba,

Usisubiri. Chukua hilo boksi la India, soma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Kama yanasema sitagliptini miligramu 100, hiyo ndiyo dawa uliyoandikiwa na daktari wako, kwa sababu Januvia ni jina la biashara tu na sitagliptini ndiyo dawa yenyewe. Lipeleke kwa mfamasia akuhakikishie kwamba imo kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa hapa Tanzania, kisha uimeze kila siku pamoja na metformini yako. Wiki hii hii nenda kliniki pia, kwa kuwa sukari ya 11 na 12 kabla ya kula, pamoja na huo unyayo unaowaka, si mambo ya kuyaacha mpaka tarehe yako ijayo.

Kilichokupandishia sukari, baba, ni zile siku unazoruka. Sitagliptini haikai mwilini siku mbili. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachovunja homoni za utumbo, zile zinazoliambia kongosho litoe insulini baada ya kula. Kidonge kimoja kinaifanya kazi hiyo kwa saa 24 hivi. Siku usiyomeza, chakula kinaingia na homoni hizo zinavunjwa kama zamani. Nakutana na wagonjwa wengi wanaokunywa dawa ghali nusu nusu, na inaniuma kila mara, kwa sababu wanalipa fedha nyingi kununua matibabu ambayo hayafanyi kazi. Dawa ya bei nafuu inayomezwa kila siku itakulinda macho, figo na miguu. Ile ya gharama ukiimeza siku moja na kuiacha siku moja haitakulinda.

Sasa nije kwa mwanao. Aliloambiwa kule ni kweli. Pale alipolichukua akahitimisha kwamba ya Tanga ni feki, hapo ndipo alipopotea, na hakosi peke yake. Nimelisikia jambo hili kwa watu wengi wenye ndugu ng'ambo. Wanadhani dawa hutoka kwanza Marekani, kisha ndiyo nchi nyingine zipate. Kwa dawa nakala, hizi tunazoziita jeneriki, mara nyingi huwa kinyume chake.

Kampuni inayovumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza peke yake kwa muda fulani. Kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani muda huo ni angalau miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Lakini hataza haitolewi na dunia nzima kwa pamoja. Kila nchi hutoa yake, kwa sheria yake, na kila moja ina siku yake ya kuisha. Dawa moja inaweza kuwa huru Bombay na bado imefungwa New York.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Januvia. Ni dawa ya kampuni ya Merck ya Marekani, na huko iliidhinishwa Oktoba 2006, ya kwanza katika kundi lake. Hataza ya sitagliptini nchini India iliisha Julai 2022, na viwanda vingi vya India vikaanza kuitengeneza mara moja, bei ikaporomoka. Miezi michache baadaye, Septemba 2022, ulinzi wake ukaisha Ulaya pia, na wagonjwa wa huko wakaanza kupewa za kampuni nyingine. Kwa hiyo hilo boksi lako halikutokea gizani.

Marekani imechelewa kwa sababu ya jambo ambalo halihusiani hata kidogo na ubora. Ndani ya kidonge cha Januvia, sitagliptini imeunganishwa na fosfeti ili itulie isiharibike. Muungano huo wakemia wanauita chumvi, ingawa si chumvi ya kula. Merck iliiombea chumvi hiyo hataza ya peke yake, baadaye kuliko ile ya dawa yenyewe, kwa hiyo nayo inachelewa kuisha. Kampuni za jeneriki zikapelekana nayo mahakamani, mwisho wakaelewana kwamba zitaingia sokoni Mei 2026. Tarehe aliyotajiwa mwanao imetoka kwenye makubaliano ya wanasheria. Hakuna maabara iliyosema kwamba dawa za wengine ni mbovu.

Tena mwambie jambo ambalo huenda yule muuza dawa wa Columbus hakumwambia. Oktoba 2023, FDA, ambayo ndiyo mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha sitagliptini ya kampuni ya Zydus ya India, kwa jina la Zituvio. Hiyo haina ile fosfeti, basi hataza ya chumvi haikuigusa. Sitagliptini ya kampuni ya Kihindi ina kibali cha Marekani hivi sasa.

Na asidhani India ni mahali ambapo kila mtu anajinakilia tu. Zamani, kwa sheria yao ya 1970, hataza ya dawa ililinda njia ya kuitengeneza na si dawa yenyewe, na ndipo viwanda vyao vilipokua vikawa vikubwa kiasi hiki. Tangu 1 Januari 2005 sheria ilibadilika. Kampuni moja ya huko, Glenmark, ilianza kuuza sitagliptini yake mwaka 2013, kabla ya muda. Merck ikaishtaki, na Oktoba 2015 Mahakama Kuu ya Delhi ikaizuia. Waliobaki walisubiri mpaka 2022.

Kwetu Tanzania kuna jambo jingine tena. Sisi pamoja na Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tumo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi za kundi hilo zisilazimike kulinda hataza za dawa mpaka 1 Januari 2033. Kenya haimo. Kwa hiyo baba, mtu wa Tanga kumsubiri mtu wa Ohio aruhusiwe dawa ambayo kwake tayari iko dukani, kihalali, hapana. Kinachoamua kama utaipata hapa ni mambo ya karibu zaidi: kiwanda kimeomba usajili TMDA au hakijaomba, mwagizaji ameileta au hajaleta, na daktari ameandika nini kwenye karatasi. Hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Daktari akiandika Januvia, muuzaji anakupa Januvia. Akiandika sitagliptini, unaweza kuuliza bei ya kila iliyopo. Ukienda kliniki mwombe kwa adabu tu, "Daktari, niandikie jina la dawa, si la kampuni." Wengi hawatachukia. Daktari akikuandikia dawa mara nyingi hajui boksi lake linauzwa shilingi ngapi dukani.

Najua swali linalofuata: itakuwa na nguvu sawa kweli? Kabla jeneriki haijasajiliwa na mamlaka makini, kiwanda hutakiwa kuonyesha kwamba inaingia kwenye damu kama ile ya kwanza. Huchukuliwa watu wazima wenye afya, wakapewa moja, kisha siku nyingine wakapewa ya pili, na damu yao hupimwa saa baada ya saa kuona dawa imepanda kiasi gani na imekaa muda gani. Matokeo lazima yaangukie kati ya asilimia 80 na 125 ya ile ya kwanza. Namba hizi zimewapotosha watu wengi, wakadhani jeneriki inaweza kuwa na dawa pungufu kwa asilimia 20. Sivyo. Kiasi cha dawa ndani ya kidonge ni kile kile. Hiyo ni mipaka ya hesabu, na si wastani peke yake unaopaswa kukaa ndani yake, ni pamoja na mashaka yote ya kipimo. Dawa iliyopungua kwa asilimia 20 kweli kweli haiwezi kupita. Mwaka 2009 watafiti wa FDA walichapisha hesabu ya majaribio zaidi ya 2,000 ya namna hii, na tofauti ya wastani katika kiasi kilichoingia kwenye damu ilikuwa kama asilimia 3.5.

Rangi itatofautiana, umbo litatofautiana, na ule unga wa kushikiza kidonge unaweza kuwa mwingine. Wewe fundi unajua kwamba mlango wa mninga ni mninga hata ukipakwa vanishi nyingine. Ukikuta boksi limeandikwa sitagliptini fosfeti miligramu 128.5 usishtuke ukadhani umezidishiwa. Huo ni uzito wa dawa pamoja na chumvi yake, na ndani yake mna sitagliptini 100 kamili.

Feki zipo, sitakudanganya. Lakini jeneriki na feki ni vitu viwili tofauti. Jeneriki ina mtengenezaji anayejulikana, ina usajili, na ikiharibika kuna wa kuulizwa. Feki ni wizi, na mwizi hupenda kunakili kilicho ghali. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia, dawa nyingine ya sukari yenye jina kubwa, zilizokutwa Brazil, Uingereza na huko huko Marekani. Jina kubwa halikuwaokoa walionunua. Kinachokuokoa ni kununua kwenye famasia yenye mfamasia na kibali ukutani, kudai risiti, na kuangalia kama namba ya toleo na tarehe ya kuisha vilivyo kwenye boksi ndivyo vilivyo kwenye karatasi ya vidonge ndani. TMDA yetu ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani katika udhibiti wa dawa, mwaka 2018. Dawa iliyopita mikononi mwao ina haki ya kuaminiwa kuliko boksi lililosafiri kwenye begi la mgeni kutoka uwanja wa ndege.

Kuhusu goti, mke wako hakukosea kuuliza. Mwaka 2015 FDA ilitoa onyo kwamba dawa za kundi hili lote, Januvia ikiwemo, zinaweza kuleta maumivu makali ya viungo kwa baadhi ya watu, wengine mara tu wanapoanza, wengine baada ya muda mrefu. Kwa hiyo, kama ni dawa, basi ni sitagliptini, na kurudi kwenye boksi la Marekani hakutakusaidia. Lakini wewe uliimeza hiyo Januvia muda wote huo bila goti kuuma, na kazi yako ni ya kuinama na kupiga magoti, kwa hiyo mimi naelekea kuliangalia goti lenyewe kwanza. Mweleze daktari ulianza kuumwa lini. Kitu cha kukukimbiza hospitali bila kungoja ni maumivu makali ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni, pamoja na kutapika, kwani kongosho linaweza kuvimba, ingawa hutokea kwa nadra. Hapo dawa iache, nenda.

Hatari ninayoiogopa zaidi kwako ni hii ya maboksi mawili mezani. Dawa ikishakuwa na watengenezaji wengi, majina huwa mengi, na wagonjwa hujikuta wanameza sitagliptini mbili wakidhani ni dawa mbili tofauti. Tena ziko zilizochanganywa na metformini ndani ya kidonge kimoja. Ukipewa hizo huku unaendelea na metformini yako ya zamani, umezidisha bila kujua. Kila unapopewa boksi jipya, tafuta jina dogo na lisome kwa sauti mbele ya mfamasia. Kama macho yanasumbua, mwambie akuandikie juu ya boksi kwa kalamu nene. Vile vidonge vichache vya Januvia usivitupe. Vimalize kwanza, kimoja kila siku, ndipo uingie kwenye hili boksi jingine. Usichanganye siku moja.

Ukishaanza, pima asubuhi mara kwa mara kwa wiki mbili hivi na uandike kwenye daftari, pamoja na jina la boksi ulilokuwa unatumia. Baada ya miezi mitatu fanya kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa muda wote huo. Hicho ndicho kitakachokata ubishi wa nyumbani kuhusu dawa ya India, kuliko maneno yangu.

Tena omba kipimo cha figo kabla hujanunua boksi jingine lolote. Kwa umri wako na sukari ilivyopanda ni lazima kijulikane. Figo zikiwa zimepungua nguvu kiasi fulani, dozi ya sitagliptini hushushwa kuwa 50, zikipungua zaidi 25, na metformini nayo hupunguzwa au huachwa kabisa. Huenda unalipia 100 wakati mwili wako unahitaji nusu yake. Daktari ndiye atakayeamua, lakini bila kipimo hawezi.

Kuna jambo moja zaidi nataka ulijue ili usiuze randa zako kwa ajili ya dawa hii. Sitagliptini ni dawa nzuri, haishushi sukari ghafla ukaanguka, lakini nguvu yake ni ya wastani. Kwenye HbA1c hushusha karibu nusu hadi robo tatu ya asilimia moja. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa zaidi ya 14,000, lilionyesha kwamba haimdhuru mwenye ugonjwa wa moyo, lakini pia haimkingi. Kama hata ya India itakushinda, mwambie daktari wazi kwamba hela hakuna. Usione haya. Ipo gliklazaidi, ya siku nyingi na ya bei ndogo, ila hiyo usiimeze ukakosa chakula, sukari itashuka mno. Na kama atakuta moyo au figo zina shida, kuna dapagliflozini, ambayo ina faida huko na ambayo hataza yake India iliisha tangu Oktoba 2020, kwa hiyo nayo ina jeneriki.

Mwanao mpigie, umsomee barua hii. Usimwambie amekosea, mwambie ameuliza swali zuri na jibu lake ni refu. Na kama anataka kusaidia, asikusanye dola kununua vidonge huko, ambako Januvia ni ghali kuliko hata hapa. Atume ya kipimo cha figo mwezi huu, ya HbA1c miezi mitatu ijayo, na ya boksi moja la stripu za kupimia. Hayo matatu ndiyo yanayokosekana nyumbani kwako sasa.